Daktari wa Farasi Ajibu: Tarehe ya Kopo Haijui Stoo Yako

Tangu mvua ikatike, barua karibu zote zimekuwa za jambo moja. Nyasi zimekauka kuanzia Karen hadi Lang'ata hapa Nairobi, wenye farasi wamekimbilia maduka ya dawa za mifugo kununua vitamini E, ambayo farasi huipata kwenye nyasi mbichi, na sasa wanataka kujua kama walichonunua kina nguvu yoyote. Nimechagua barua tano. Waliouliza duka gani lina bei nafuu watanisamehe, mimi si dalali.

*Daktari, habari za kazi. Mimi ni saisi huku Karen, ninatunza farasi wanne. Bosi yuko Uingereza tangu Desemba. Stoo kuna makopo mawili ya vitamini E ya unga. Moja halijafunguliwa, lakini tarehe yake ilipita miezi minne iliyopita. La pili lilifunguliwa mwaka jana, limebaki nusu, na tarehe yake bado miezi miwili. Bosi amenipigia simu, anasema nitumie la pili, la kwanza nitupe. Shida ni kwamba kifuniko cha hilo la pili kilitafunwa na panya, tunalifunika kwa karatasi ya nailoni. Nifuate tarehe au nifuate macho yangu?*
Saisi wa Karen

Fuata macho yako, ndugu yangu. Bosi wako anaijua tarehe tu, kopo lenyewe hajaliona.

Tarehe iliyopigwa kwenye kopo ni ahadi ya mtengenezaji kuhusu kopo lililofungwa na kuwekwa mahali pakavu, penye giza na pasipo joto. Lebo nyingi hutaja nyuzi 25 au chini ya hapo. Siku unapofungua kifuniko, ahadi hiyo inaanza kulegea, na kopo likikaa mwaka mzima chini ya nailoni haipo tena, hata kama kalenda inasema bado.

Sababu iko kwenye kazi ya vitamini yenyewe. Mwilini mwa farasi, vitamini E hujitoa mhanga: oksijeni inapotaka kuharibu mafuta yaliyomo kwenye kuta za seli, vitamini E huwahi kuipokea, ikaharibika yenyewe. Ndani ya kopo lililoingia hewa inafanya kazi hiyohiyo, ila hakuna farasi anayefaidika. Joto, mwanga na unyevu huharakisha mambo. Madini ya chuma na shaba pia, na ndiyo maana mimi sipendi makopo ya "kila kitu ndani", yenye vitamini na madini vimechanganywa pamoja. Yanakaa vibaya kuliko vitamini E iliyo peke yake.

Kinachookoa unga mwingi wa madukani ni umbo la vitamini iliyotumika. Geuza kopo usome viambato. Ukiona neno "acetate" baada ya jina refu la tokoferoli, ambayo ndiyo vitamini E yenyewe, hiyo imekingwa. Oksijeni haiipati kwa urahisi mpaka ifike utumboni, ambako vimeng'enya vya farasi huiondolea kinga hiyo. Usipoliona neno hilo, hasa kwenye dawa ya maji, una vitamini iliyo wazi. Farasi huitumia haraka, lakini hewa nayo huila haraka.

Sasa makopo yako. Lile lililofungwa, kama ni la asetati na halikukaa kwenye joto, litumie kwa farasi wazima wasio na ugonjwa. Watengenezaji kwa kawaida hujaza zaidi kidogo ya kiasi kilichoandikwa, ili siku ya mwisho kiwango cha lebo kiwe bado kimo. Vitamini haigeuki sumu usiku wa kuamkia tarehe, inapungua nguvu polepole. Fungua, unuse. Likinuka mafuta yaliyochacha au likiwa na mabonge ya unyevu, tupa. Likiwa kavu na halinuki, malizeni upesi. Lakini kama mmoja wa hao wanne ni jike mwenye mimba, mtoto, au farasi anayetibiwa, huyo anunuliwe kopo jipya, kwa sababu kipimo chake hatuwezi kukibahatisha.

La pili lifukie, tena kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Hapo sijali vitamini, najali panya. Mkojo wake hubeba leptospira, na kijidudu hicho kikimwingia farasi kinaweza kumletea uvimbe wa ndani ya jicho unaorudi na kurudi mpaka kumpofusha. Usimwagie kuku wala usiache mahali mbwa anaweza kufikia.

Kisha nifanyie jambo moja. Ingia stoo hiyo saa nane mchana, uguse kopo. Nairobi tunajisifu kwa baridi yetu, na kweli hewa ya nje kwa kawaida haifiki nyuzi 30, lakini chini ya mabati yasiyo na dari, mwezi wa Februari, ni habari nyingine. Likiwa na joto mkononi, hamishia vitamini kwenye chumba cha matandiko kama kina dari, au kabati lolote la ndani lisilopigwa na jua. Andika kwa kalamu ya wino mzito siku uliyofungua, juu ya kifuniko. Kijiko kiwe kikavu. Na bosi akirudi mwambie anunue makopo madogo, la miezi miwili kwa farasi wote. Kopo kubwa lina nafuu kwa kilo, ila nusu ya mwisho huwa mnawalisha farasi unga tu.

*Hujambo Daktari. Binti yangu anaendesha poni wa kilo 250 hivi, tunamweka Lang'ata. Anashinda malishoni nusu siku, usiku anapewa boma rhodes, nyasi zilizokaushwa. Mwalimu wake anasema poni apewe vitamini E mwaka mzima. Mimi nina vidonge vyangu vya ngozi kutoka kwa kemisti, vimeandikwa 400 IU. Je, naweza kumpa badala ya kununua kopo la bei ghali?*
Mama wa mwendeshaji

Mama, tuanze na mahitaji. Farasi mzima asiye na kazi nzito anahitaji kama yuniti 1 (ndiyo hiyo IU ya kwenye lebo) kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayefanya kazi ngumu, anayekua au anayenyonyesha, karibu 2. Poni wako basi ni 250, na tuseme 400 wakati wa mashindano.

Nyasi mbichi zina kati ya yuniti 30 na 100 kwa kila kilo, hesabu ikifanywa baada ya kutoa maji. Poni wa ukubwa huo hula kama kilo 5 za chakula kikavu kwa siku. Akipata nusu yake kutoka malisho ya kijani, tayari ameshaingiza sehemu nzuri ya mahitaji, na akishinda nje kutwa mwezi wa Mei, huna haja ya kuongeza kitu. Mwaka mzima ni maneno ya wauzaji. Mwalimu ameyameza, simlaumu.

Hali hubadilika udongo unapokuwa mwekundu na poni analamba vumbi. Nyasi zikikatwa na kuanikwa hupoteza kati ya asilimia 30 na 85 ya vitamini E, na beli inavyozidi kukaa ghalani ndivyo kinachobaki kinavyopungua. Boma rhodes iliyofungwa msimu uliopita inajaza tumbo, inatoa nyuzinyuzi nzuri, lakini kwa vitamini E usiitegemee. Kwa hiyo Januari hadi Machi, na tena Agosti na Septemba kukiwa kukavu, mwongezee.

Vidonge vyako vinafaa. Kimoja kwa siku, ukitoboe na kukikamulia kwenye pumba zenye kijiko cha mafuta ya kupikia, maana vitamini hii hupita utumboni pamoja na mafuta. Ila angalia herufi moja. Pakiwa pameandikwa "d-alpha", ni ya asili, ileile iliyo kwenye nyasi. Pakiwa na "dl-alpha", imetengenezwa kiwandani na ni mchanganyiko wa maumbo manane, ambalo moja tu ndilo linalofanana na la asili. Yuniti kwenye lebo zinaweza kulingana, lakini kwenye damu ya farasi ile ya asili hupanda vizuri zaidi. Kwa poni mzima mwenye malisho, hata hiyo ya "dl" si mbaya. Usizidishe tu ukidhani ndiyo mapenzi: kikomo ni yuniti 20 kwa kilo kwa siku, na kuvuka hapo kunaweza kuvuruga kuganda kwa damu na ujenzi wa mifupa.

Na wewe utanunua vingine vya ngozi.

*Daktari, niweke unga wa vitamini kwenye friji? Huku Rongai stima zinapotea kila mara.*
Msomaji wa Rongai

Hapana. Unga unaotoka kwenye baridi kila asubuhi huvuta unyevu wa hewa, na stima zikipotea friji yenyewe inageuka sanduku la jasho. Kabati la ndani lenye giza linatosha. Dawa ya maji ndiyo ufuate lebo. Baadhi zinataka friji zikishafunguliwa.

*Salaam Daktari. Nina farasi wawili wa kubebea watoto wikendi na sikukuu. Nawafuga Dagoretti kwenye ploti, hakuna malisho, wanakula boma rhodes kavu na pumba tangu niwanunue, huu ni mwaka wa tatu. Jike hana shida. Maksai wa miaka kumi na minne anakula kuliko mwenzake lakini anakonda, mapaja yameisha. Akisimama miguu inatetemeka, anahamisha uzito huku na huku, na analala chini sana. Nimempa dawa ya minyoo mara mbili. Jirani kaniambia ni vitamini E na ameniletea kopo lililopita tarehe kwa bei ya kutupa. Nimpe kiasi gani?*
Mwenye farasi, Dagoretti

Barua hii nilitaka kuijibu kwa simu lakini hukuweka namba. Basi soma haraka, na kuanzia leo asipande mtoto yeyote juu ya huyo maksai.

Mtazame anaposimama kwa muda bila kuguswa. Miguu yote minne inakusanyika chini ya tumbo, kama mbuzi aliyesimama juu ya jiwe? Shingo iko chini? Mkia umeinuka kidogo hata akiwa ametulia? Ukimtembeza, anaonekana nafuu kuliko akisimama? Farasi hutumia misuli fulani kusimama na mingine kutembea, na ugonjwa ninaouwazia huanza kuila ile ya kusimama. Ndiyo maana anatafuta kulala. Watu humwita mvivu.

Ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliueleza mara ya kwanza mwaka 1990, na sura ya wagonjwa wao ungedhani wameipiga picha kwenye ploti yako: farasi wazima, waliokaa zaidi ya mwaka bila nyasi mbichi, wanaokula vizuri na bado wanakonda. Vitamini E ikikosekana muda mrefu, seli za neva kwenye uti wa mgongo hukosa mlinzi na kufa, na misuli iliyokuwa inaamrishwa nazo hunyauka. Kuna namna nyepesi zaidi, ambapo tatizo liko kwenye misuli peke yake, na huyo hupona vizuri akitibiwa mapema. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Daktari anaweza kukata kipande kidogo cha msuli karibu na shina la mkia kikapimwe.

Lakini kutetemeka na kukonda kuna sababu nyingine pia: meno mabovu, kwato zinazouma, kupe na homa zake, ini. Kwa hiyo daktari aje kwanza, na achukue damu kabla hujampa chochote. Ukishampa, kipimo kitasoma chakula cha jana. Chupa ya damu ifunikwe kwa karatasi ya fedha isipigwe na mwanga, iwekwe kwenye barafu, na ifike maabara upesi. Vitamini hii huharibika hata kwenye chupa ya daktari. Zaidi ya mikrogramu 2 kwa mililita ni sawa. Chini ya 1.5 ni upungufu. Jike naye apimwe, maana amekula chakula kilekile miaka mitatu, na kukosa dalili si kukosa tatizo.

Ikithibitika, kipimo cha matibabu ni kikubwa, kwa kawaida karibu yuniti 10 kwa kilo kwa siku. Maksai wa kilo 400 anahitaji 4,000, tena ya asili, na ikiwezekana ile ya maji inayochanganyika na maji, kwa sababu hupandisha kiwango kwenye damu ndani ya siku chache, wakati unga wa asetati unaweza kuchukua wiki kadhaa. Sasa unaona kwa nini kopo la jirani silitaki hapa. Kwa saisi wa Karen nimeruhusu kopo lililopita tarehe kwa sababu farasi wake ni wazima na kikipungua kidogo hakuna atakayeumia. Wako anadaiwa yuniti nyingi, na kopo ambalo hujui liliwekwa wapi wala lina kiasi gani litakufanya udhani umemtibu. Bei ya kutupa ni sahihi. Litupe.

Sitakuahidi kitu. Wengine hupata nafuu baada ya wiki sita hivi, wengine husimama hapohapo wakabaki wamekonda, wengine huendelea kushuka. Hata anayepata nafuu, neva zilizokufa hazirudi, na kazi ya kubeba huenda asiifanye tena. Anza kufikiria atakula nini akistaafu.

Dawa iliyo karibu nawe zaidi ni mundu. Kilo 20 za nyasi mbichi, gunia moja lililoshindiliwa, zikitolewa maji zinabaki kilo 4 hivi, na humo mna yuniti 120 hadi 400. Haitamtibu maksai peke yake, lakini jike wako akipata gunia kila siku, pengine hatafika alipo mwenzake. Lusene mbichi ni nzuri vilevile. Kijana wa kukata nyasi Dagoretti hakosekani. Mwambie akate mbali na barabara kubwa na mbali na mashamba yaliyopuliziwa dawa, na ziliwe siku hiyohiyo. Takataka za mashine ya kukata bustani usichukue hata ukipewa bure: hurundikana, huchacha, na farasi hupata msokoto wa tumbo. Zoesha kidogo kidogo kwa wiki mbili, tumbo lao limesahau kijani.

*Daktari, niko na farasi wa mbio hapa Ngong. Akimaliza kukimbia misuli ya nyuma inakakamaa, anatoa jasho, hataki kusogea, na mkojo ulishawahi kuwa wa rangi ya chai. Wenzangu wanawachoma sindano ya vitamini E na seleniamu kila wiki. Nami nianze? Tayari anakula pelleti zenye seleniamu na kuna unga mwingine pia.*
Mtu wa mbio

Usianze. Seleniamu, ambayo ni madini, na vitamini E zinasaidiana, hilo ni kweli, na upungufu wa seleniamu huumiza misuli. Ila farasi wa kilo 500 anahitaji kama miligramu 1 tu ya seleniamu kwa siku, na kati ya kutosha na kudhuru hakuna nafasi kubwa. Wewe una pelleti, una unga, na sasa unataka sindano. Chukua lebo zote, jumlisha miligramu kwa kiasi anachokula kweli kwa siku, halafu umwonyeshe daktari karatasi hiyo. Vitamini E haina hatari hiyo. Iliyomo kwenye sindano hizo ni kidogo sana, kazi kubwa inafanywa na seleniamu. Wanaodhani wanachoma vitamini E wanachoma madini.

Aprili 2009 huko Wellington, Florida, farasi 21 wa timu ya polo kutoka Venezuela walianguka siku ya mchuano wakafa. Uchunguzi ulikuta seleniamu nyingi mno kwenye dawa ya kuongeza nguvu waliyochomwa, iliyochanganywa kwa kipimo kilichokosewa. Hao walikuwa na madaktari na pesa. Zaidi ya hayo, sindano hizi zinaweza kumshtua farasi papo hapo, akaanguka kabla hujachomoa sindano, ndiyo maana zisichomwe na mtu asiye na dawa ya kumwokoa mfukoni.

Mkojo wa rangi ya chai ni msuli uliovunjika ukipita kwenye figo. Siku hiyo hatembezwi, hapigwi maji baridi mgongoni, anapewa maji ya kunywa na daktari anaitwa usiku huohuo. Damu ipimwe vimeng'enya vya misuli, pamoja na seleniamu na vitamini E. Punguza nafaka siku za mapumziko. Wengi wa farasi hawa hukakamaa Jumatatu baada ya kulishwa Jumapili chakula cha kazi wakiwa wamesimama bandani. Vitamini E ya kinywani, yuniti 1,000 kwa siku, unaweza kumpa huku ukisubiri majibu, mradi kopo hilo halina seleniamu. Asirudi kwenye mbio mpaka daktari aone vimeng'enya vimeshuka.